Injini ya boti imegoma kuwaka: namna ya kuisaka kasoro, kuanzia kifuniko cha tangi mpaka ringi

Injini kuukuu ikigoma, wengi wetu huku Ziwa Nyasa tunaanza kwa kuvuta kamba mpaka bega liume. Kisha tunanunua plagi. Plagi ikishindwa, kabureta inafunguliwa palepale mchangani, skrubu zinatiwa kwenye kofia ya mtu, na jioni moja inakuwa haionekani. Injini nyingi zinakufa kwa utaratibu huo kuliko kwa uzee wake.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu tu: moto wa plagi unaokuja kwa wakati wake, mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, na mgandamizo ndani ya silinda. Ikigoma, kimoja kati ya hivyo hakipo au ni dhaifu. Kazi yako ni kujua ni kipi kabla hujanunua chochote, maana spea za injini za boti Mbeya mjini ni za kubahatisha. Mara nyingi utasubiri kifurushi kwenye basi la kutoka Dar es Salaam au Mwanza, na ukiagiza koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche ya plagi) kumbe tatizo ni paipu ya mafuta, hela imekwenda na wiki imekwenda.

Ninaongelea injini za mipigo miwili za kuvuta kwa kamba, kama Yamaha Enduro, Mariner, Suzuki na Johnson za zamani, zenye nguvu za farasi kati ya 8 na 40. Aliyeko bwawa la Mtera au Ziwa Rukwa naye asome, tofauti ni ndogo.

Kabla ya kufungua chochote

Kagua haya kwa macho na vidole. Hayahitaji spana hata moja, na sehemu kubwa ya injini "mbovu" zinaponea hapa.

Anza na kamba ya usalama, ile nyekundu iliyojikunja inayofungwa mkononi. Klipu yake ikiwa haijakaa sawasawa kwenye swichi ya kuzimia, utavuta mpaka kesho. Klipu za zamani huliwa na jua zikalegea, ukiigusa inatoka. Watu wengi wameshaitupa na kufunga kipande cha mpira wa ndala mahali pake. Kama na wewe umefanya hivyo, kibinye kwa kidole wakati mwenzako anavuta.

Gia iwe nyutro. Injini nyingi zina kizuizi kinachokataza kamba kuvutika ikiwa kwenye gia, na waya wa kizuizi hicho ukilegea, kamba hukataa hata gia ikiwa nyutro.

Sasa tangi. Juu ya kifuniko kuna skrubu ndogo ya kupitisha hewa. Ikifungwa, mafuta yanatoka kidogo kisha tangi linajivuta ndani, na pampu haiwezi kunyonya zaidi. Dalili yake huwa ileile: injini inawaka vizuri ufukweni, inakwenda dakika chache, inazima katikati ya maji, unasubiri kidogo inawaka tena. Ukilegeza kifuniko ukasikia hewa ikiingia kwa mluzi, umepata jibu bila kutoa shilingi.

Fuata paipu kutoka kwenye tangi. Ule mpira mnene wa kubinya katikati ya paipu una mshale, na mshale uelekee kwenye injini. Nimeona paipu iliyokatwa na kuunganishwa upya na mshale ukabaki unatazama tangi. Kichwa cha paipu kikae sawasawa kwenye injini mpaka ulimi wake ulie "tik". Kisha binya mpira. Unatakiwa kuwa mgumu baada ya kubinya mara kadhaa na kubaki mgumu. Ukibaki laini daima, kuna hewa inaingia au vali yake ya ndani imekufa. Ukiwa mgumu, mafuta yamefika mlangoni mwa injini, na hilo litakusaidia baadaye.

Je, unaiwasha kama inavyotaka?

Injini baridi: binya mpira hadi uwe mgumu, vuta choki mpaka mwisho, weka mpini wa kuongezea kasi kwenye alama ya kuwashia. Vuta kamba polepole hadi uhisi inashika, ndipo uvute kwa nguvu moja hadi mwisho bila kuiachia irudi yenyewe. Ikikohoa, rudisha choki nusu uvute tena. Kosa la kawaida ni kuendelea kuvuta na choki ikiwa imefungwa baada ya kukohoa. Hapo petroli inajaa ndani, plagi zinalowa, na injini inakuwa imelewa.

Injini iliyolewa unaijua kwa harufu kali ya petroli na mafuta yanayodondoka kwenye kabureta. Chomoa paipu ya mafuta, rudisha choki yote, fungua mpini hadi mwisho, vuta mara kumi hivi. Ikiwaka italia kwa kasi, kwa hiyo mkono mmoja uwe tayari kurudisha mpini. Ikishindikana, fungua plagi uzikaushe, vuta kamba mara kadhaa matundu yakiwa wazi na vichwa vya waya vimegusishwa kwenye chuma, kisha uiache ipumue.

Plagi inakueleza habari nzima

Sasa shika spana ya plagi. Toa plagi zote na uziweke kwa mpangilio, ya juu juu, ya chini chini. Usizichanganye, maana ukijua silinda ipi ina tatizo umeshafupisha kazi kwa nusu.

Plagi kavu kabisa baada ya kuvuta sana ina maana mafuta hayafiki. Ruka uende kwenye sehemu ya mafuta, ingawa jaribio la moto halikugharimu kitu. Plagi iliyolowa petroli ina maana mafuta yapo, ila moto haupo, ni dhaifu, au umeizidishia choki. Plagi yenye vitone vya maji ni habari mbaya kidogo: ama maji yameingia kwenye tangi, ama gasketi ya hedi imeungua na maji ya kupoozea yanapenya. Nyeusi yenye utelezi ni oili iliyozidi au oili isiyofaa. Nyeupe yenye chembechembe ni injini iliyokuwa ikiungua kwa joto, na hiyo usiiwashe mpaka ujue sababu.

Angalia pia ncha. Wakati mwingine kaa dogo jembamba linaunganisha ncha mbili na kuua moto kabisa. Ukucha unaliondoa.

Ukinunua mpya, soma namba kwa makini. Injini nyingi za Yamaha za aina hii hutumia NGK B7HS au B7HS-10. Herufi H ina maana uzi wa plagi una urefu wa milimita 12.7. Dukani utapewa B7ES ukiambiwa "ni ileile". Siyo ileile: E ni milimita 19, ncha yake inaingia ndani zaidi na inaweza kugongana na pistoni. Plagi za bodaboda nyingi uzi wake hata haulingani. Ile -10 mwishoni ni nafasi ya milimita 1.0 kwenye ncha. B7HS ya kawaida huwa karibu 0.6 hadi 0.7. Tumia ile iliyoandikwa kwenye kitabu au kibandiko cha injini yako, na ujihadhari na za bandia, ambazo huonekana kwa maandishi yaliyofifia na uzi uliokatwa ovyo.

Moto upo?

Kwanza usalama. Mvuke wa petroli hutulia chini kwenye boti, na cheche moja inatosha kukuunguza uso. Peleka tangi mbali, futa mafuta yaliyomwagika, subiri mvuke uondoke, na kama unaweza fanya kazi hii injini ikiwa imefungwa kwenye gogo nchi kavu.

Chomeka plagi kwenye vichwa vya waya, kisha laza miili yake ya chuma ishike bloku ya injini, mbali na matundu ya silinda. Plagi zote ziguse chuma, hata ile usiyoitazama, kwa sababu kwenye injini za CDI (zenye boksi la kielektroniki linalotoa moto wa plagi) umeme usiopata pa kwenda unaweza kuua koili au boksi lenyewe. Zishike kwa koleo lenye mpira. Mwenzako avute kwa nguvu wewe ukiangalia kivulini, maana jua la Kyela la saa sita litakudanganya kwamba hakuna moto.

Cheche nzuri ni ya buluu, inalia "ta! ta!". Ya njano au nyekundu, nyembamba, inayokuja na kupotea, ni dhaifu. Nje inaweza kuonekana, lakini ndani ya silinda, penye mgandamizo, itazimika.

Upande mmoja una moto na mwingine hauna? Hamisha plagi kwanza, halafu koili kama zinafanana. Ubovu ukihama pamoja na kifaa, umempata mwizi. Kabla ya kuhukumu koili, fungua kichwa cha waya wa plagi kwa kukizungusha. Huku kwenye unyevu, hasa Kyela na Tukuyu ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, ncha ya waya huota kutu ya kijani. Kata sentimita moja hivi, zungushia kichwa tena, jaribu. Kazi ya dakika tano, na mara nyingi ndiyo dawa.

Pande zote mbili hazina moto? Usikimbilie boksi la CDI, ingawa ndilo kila mtu atakalokutajia kwa sababu ndilo ghali. Mshukiwa wa kwanza ni saketi ya kuzimia. Tafuta waya unaotoka kwenye swichi ya kuzimia (kwa Yamaha nyingi ni mweupe) na uuchomoe kutoka kwenye boksi. Vuta tena. Moto ukirudi, swichi au waya wake una shoti, basi. Ila kumbuka, injini ikiwaka hivyo haitazimika kwa kitufe. Utaizima kwa kuvuta choki au kuchomoa paipu ya mafuta, na usiende nayo ziwani katika hali hiyo.

Moto usiporudi, kagua waya zote zinazotoka chini ya flaiwili (lile gurudumu zito la juu ya injini lenye sumaku), panya wanazipenda sana kwenye injini iliyolala stoo. Fundi mwenye mita atapima koili za chini ya flaiwili na kulinganisha na kitabu. Kwenye injini za zamani kabisa kuna platini, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kukata umeme, badala ya CDI. Platini hushika ukungu na kutu injini ikikaa miezi kadhaa. Zipitishie msasa laini kabisa, zifute kwa kipande cha karatasi safi, upime nafasi yake kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kulingana na kitabu. Kama flaiwili ina dirisha, hayo yote yanafanyika bila kuitoa.

Ukilazimika kuitoa flaiwili, tumia pula, kifaa chake cha kuivutia nje. Nyundo inapasua sumaku na kupinda shafti. Ukiitoa, itazame kii, ile funguo ndogo ya chuma inayoikalisha mahali pake. Ikiwa imekatika nusu, moto utakuwepo, mafuta yatakuwepo, mgandamizo utakuwepo, na injini bado itapiga kinyume au itakukwapua kamba mkononi. Wakati wa moto umehama. Kosa hili huwapotezea watu siku nyingi, kwa sababu kila ukipima kimojakimoja unakuta kizuri.

Mafuta: hapa ndipo penye mengi

Kama moto ni wa buluu, chota mafuta kutoka chini ya tangi lako, siyo juu, utie kwenye chupa safi ya maji inayoonyesha. Iache itulie robo saa. Maji yatakaa chini kama duara linalotembea unapoinamisha chupa. Yanaingia kwa mvua, kwa dumu lililooshwa vibaya, na kwa unyevu: tangi lenye nafasi kubwa ya hewa likishushwa kutoka baridi ya Tukuyu hadi joto la ziwani, ndani yake hutokea jasho.

Mafuta yaliyochakachuliwa ni jambo jingine. Ile biashara ya kuchanganya mafuta ya taa ilipungua tangu vinasaba (alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali) vilipoanza kutiwa kwenye mafuta mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka 2011, lakini petroli ya kwenye chupa kando ya barabara hakuna anayekuhakikishia. Njia ya mtaani ni kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka yote, mafuta ya taa yanaacha alama. Njia hiyo inafaa kwa petroli ambayo bado hujaitia oili. Ukishachanganya, oili yenyewe itaacha alama na utamsingizia muuzaji bure. Petroli iliyozeeka haihitaji kipimo, inanuka kama vanishi na rangi yake imekolea. Imwage mahali salama, usijaribu kuichanganya na mpya.

Tukiwa hapo, oili. Injini nyingi za miaka ya 1980 na kuendelea hutaka petroli 50 kwa oili 1, yaani mililita 20 kwa kila lita, au mililita 400 kwa dumu la lita 20. Za zamani zaidi zinataka 25 kwa 1, mara mbili ya hapo. Nunua oili yenye alama ya TC-W3, iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili zinazopozwa na maji. Oili ya injini ya gari au ya bodaboda ya mipigo minne isiingie humu kabisa. Plagi zitakuwa nyeusi ndani ya siku chache na ringi za pistoni zitagandamana. Kuongeza oili "ili injini ipate nguvu" nako ni kuiziba.

Mafuta ni mazuri? Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Toa plagi, tia mafuta yaliyochanganywa oili, robo kijiko cha chai, kwenye kila silinda, rudisha plagi, vuta. Usitumie petroli tupu, inaosha oili kwenye kuta. Ikiwaka sekunde mbili tatu ikazima, umethibitisha moto upo na mgandamizo unatosha. Tatizo lako ni mafuta kufika, na usiguse tena upande wa umeme. Isipokohoa hata kidogo, rudi kwenye moto na kii ya flaiwili, au nenda kwenye mgandamizo.

Kufuatilia mafuta yanapokwama: chomoa paipu pale inapoingia kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, binya mpira. Yasipotoka, rudi nyuma hatua kwa hatua, yaani pampu ndogo, chujio, kichwa cha paipu, mpaka pale yanapotoka. Paipu za zamani huvimba kwa ndani na kujifunga huku nje zikionekana nzima. Yakitoka kwa nguvu, kasoro imo ndani ya kabureta.

Kuna hali ya tatu: injini inawaka na kuendelea mwenzako akiwa anabinya mpira, akiacha inazima. Hiyo ni dayaframu, yaani utando mwembamba, ya pampu ya mafuta. Imetoboka au imekakamaa. Wapo wanaokata mpya kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Inafanya kazi siku mbili tatu, petroli inaivimbisha, unazimikia mbali. Tafuta ya kwake.

Kabureta. Funga bomba la mafuta, tanua kitambaa cheupe chini, piga picha kwa simu kila hatua. Fungua kwanza skrubu ya kumwagia chini ya bakuli. Kikitoka kitu cha rangi ya chai chenye kunata, au maji, umeshaona. Kabla ya kutoa skrubu ya pembeni ya mchanganyiko, izungushe ndani polepole hadi iguse huku ukihesabu mizunguko, uandike. Ukiibana kwa nguvu unaharibu ncha yake. Toa boya, sindano, na jeti (kile kipande chenye tundu dogo la kupimia mafuta). Jeti itazame dhidi ya anga: unatakiwa kuona tundu dogo la mviringo safi. Usichokonoe kwa waya wa chuma wala sindano ya kushonea, utaipanua na injini haitakaa sawa tena. Uzi wa mshipi wa nailoni unatosha, na hakuna mvuvi asiye nao. Puliza njia zote kwa pampu ya baiskeli, macho ukiyakinga. Sindano ya boya ikiwa na mchirizi kwenye ncha, ibadilishe, ndiyo inayoifurisha injini.

Skrubu ya mchanganyiko irudishe kwenye hesabu yako. Kama hukuhesabu, anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipogusa.

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya injini havikuandikiwa. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475. Injini ikipelekwa kwa fundi mjini, akaitengeneza na kuipima kwenye pipa palepale, anairekebisha kwa hewa nyepesi ya juu. Hewa ni chache, kwa hiyo atapunguza mafuta ili iungurume vizuri. Ukiishusha Matema, hewa ni nzito, mafuta yaliyopunguzwa hayatoshi tena. Inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, ukiiongezea kasi inakohoa na kuzima, na ikienda inapata joto kupita kiasi. Mwenye boti anasema fundi wa mjini ameiharibu, fundi anaapa iliwaka kwa mvuto mmoja. Wote wanasema kweli. Dawa ni kuirekebisha upya ziwani: injini ikiwa imepata moto, zungusha skrubu robo mzunguko kwa wakati mmoja, usikilize. Kuna injini ambazo skrubu hiyo inapima mafuta na nyingine inapima hewa, kwa hiyo usikariri kulia au kushoto, fuata upande injini inakotulia. Mtu wa Mtera hasumbuki sana na hili kama injini yake inatengenezewa bwawani, ila akiipeleka Iringa mjini au Mafinga, naye ajue.

Mgandamizo

Ikiwa moto na mafuta vipo, toa plagi zote, zigusishe chuma, zungushia kipima mgandamizo, fungua mpini hadi mwisho, choki wazi, vuta kwa nguvu mara nne tano. Injini nyingi ndogo za silinda mbili zilizo hai husoma kati ya 90 na 130 psi (kizio cha mgandamizo kwenye kipima). Namba yenyewe siyo muhimu kama ulinganifu. Tofauti kati ya silinda ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna tatizo kwenye ile ya chini. Kumbuka tena mwinuko: kipimo cha Mbeya mjini kitasoma karibu moja ya saba chini ya kile cha ziwani, kwa hiyo 120 ya Kyela itakuwa 100 na kidogo pale juu. Usiuze injini kwa kuogopa namba hiyo.

Huna kipima? Bana tundu kwa kidole gumba mwenzako akivuta. Kidole kisukumwe kwa nguvu. Kikibaki kimetulia, silinda hiyo haina pumzi. Dondosha kijiko cha oili ndani upime tena: ikipanda, ringi zimechoka au zimegandamana; isipopanda, angalia gasketi ya hedi. Ringi zilizogandamana kwa uchafu wakati mwingine huachia ukiziloweka usiku kucha kwa oili nyepesi, na jaribio hilo ni rahisi kuliko kufungua bloku.

Injini inayotema mafuta nyuma kupitia kabureta ina vibamba vyake vya kuingizia hewa vilivyovunjika au kupinda. Na ile yenye kila kitu kizuri lakini inataka choki hata ikiwa ya moto, mara nyingi sili za shafti zimekauka na zinaingiza hewa. Hizo ni kazi za fundi.

Injini iliyonunuliwa ikitoka pwani ni hadithi nyingine. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi, lakini chumvi ya Tanga au Dar es Salaam inakuja ndani ya njia za maji, na bolti za hedi zinakuwa zimeshikana na alumini. Ukizilazimisha zinakatika. Oili ya kupenyeza, joto, na subira ya siku moja.

Kamba ikikataa kabisa, au injini ikizama

Kamba ngumu ghafla, na gia iko nyutro: usining'inie. Toa plagi kwanza. Ikiwa maji yalijaa silinda, yataruka nje na kamba italegea. Ikibaki ngumu, injini imeshika, yawezekana kwa joto. Tia oili nyepesi kwenye matundu, iache mpaka kesho, kisha jaribu kuizungusha kwa nati ya flaiwili, kidogo kidogo, kuelekea upande wake wa kawaida.

Iliyozama wakati mwera, ule upepo mkali wa ziwani, umepiga, au imepinduka pamoja na mtumbwi, ina sheria zake. Ikishatolewa majini, kutu inaanza mara moja, kwa hiyo saa chache za kwanza ndizo za kuiokoa. Isuuze kwa maji safi kama ilizoa mchanga. Toa plagi, ilaze matundu yakitazama chini, vuta polepole mpaka maji yaishe. Kama ilikuwa ikizunguka ilipozama na sasa inakwama, acha, fimbo ya pistoni inaweza kuwa imepinda. Ikizunguka vizuri, mwaga kabureta, tia mafuta yaliyochanganywa oili kwenye matundu, kausha waya, iwashe siku hiyohiyo uiendeshe walau nusu saa. Huwezi kuiwasha leo? Jaza oili kwenye silinda na uizungushe. Na kama fundi yuko mbali, wazee wa ufukweni wanairudisha kwenye maji baridi ikae mpaka fundi afike, na wako sahihi. Hewa ndiyo inayoila.

Ikiwaka

Isiwashwe kavu hata kwa sekunde chache "kusikiliza tu". Mpira wa impela ya pampu ya maji unaungua bila maji. Tumia pipa, maji yapite juu ya matundu ya kunyonyea kwenye mguu, pangaboi likiwa limetolewa au gia ikiwa nyutro. Tazama mchirizi wa maji unaotoka nyuma. Usipotokea ndani ya dakika moja, zima. Chokonoa tundu lake kwa uzi uleule wa mshipi kabla ya kufungua mguu, mara nyingi ni nyigu au mchanga.

Baada ya pipa ndipo ziwa. Siku ya kwanza usipakie abiria wala nyavu. Beba makafi mawili, jaketi la kuokolea kwa kila mtu, plagi za akiba na spana yake, na simu ndani ya mfuko wa plastiki. Elekea upande upepo unakotoka, karibu na ufukwe, ili ikizima upepo ukurudishe ulikotoka na siyo kukupeleka kwenye miamba ya chini ya milima ya Livingstone. Miezi ya Mei hadi Agosti mwera huamka haraka, kwa hiyo jaribio lifanyike asubuhi mapema. Nenda kasi ndogo, halafu ya kati, zima kwa makusudi ukiwa bado unaweza kurudi kwa kafi, uiwashe tena ikiwa ya moto. Ikiwaka kwa mvuto mmoja au miwili, kesho pakia nyavu.